GIZA TULILOVUKA NALO MPAKA

Maandiko ya kusoma: 1 Yohana 1:5-7, 1 Yohana 2:8-11, Matendo 9:1-19

Nawasalimu ninyi nyote wa Base Camp, wa Juru na wa Rubondo: wazee wetu, mama zetu, vijana, na watoto wa shule ya Jumapili. Nawasalimu kwa namna ya pekee ninyi mliofika Nakivale karibuni na bado mnajenga. Karibuni sana katika nyumba ya Bwana.

Kabla hujaendelea, naomba ufungue Biblia yako usome maandiko niliyoyataja hapo juu. Kama huna Biblia, mwombe jirani akusomee. Sitayanukuu hapa kwa sababu karatasi yetu ni ndogo, na pia kwa sababu ni vizuri uyaone kwa macho yako mwenyewe.

Mapokeo ya kanisa yanasema aliyeandika waraka huu ni mtume Yohana, na kwamba ndiye yule anayetuambia katika Ufunuo 1:9 kwamba alikuwa katika kisiwa cha Patmo kwa ajili ya neno la Mungu. Kwa hiyo tunafundishwa na mtu aliyejua maana ya kuwa mbali na kwao. Anapotuambia habari za nuru na giza, hasemi kama mtu aliyeketi katika starehe.

1. GIZA AMBALO YOHANA ANALITAJA

Wengi wetu tukisikia neno "giza" tunafikiri mara moja juu ya uchawi, pombe, uzinzi, na vijana wanaokesha kwenye vibanda vya video. Ni kweli, hayo ni matendo ya giza na Biblia inayakataza. Lakini angalia vizuri. Yohana, baada ya kusema kwamba Mungu ni nuru na kwamba ndani yake hamna giza hata kidogo, anapofika mahali pa kutuonyesha mtu aliye gizani, hamwonyeshi mlevi wala mchawi. Anamwonyesha mtu wa kanisani. Mtu huyu anasema yuko nuruni. Labda anaimba kwaya, anafunga siku ya Ijumaa, anatoa ushuhuda. Lakini anamchukia ndugu yake. Yohana anasema huyo hajatoka gizani bado.

Neno hili ni zito, wapendwa. Tulisome taratibu.

Katika mstari wa 11 Yohana anasema mtu huyo anatembea gizani. Katika Kiyunani neno hilo la kutembea ni la maisha ya kila siku: kwenda kuchota maji, kwenda sokoni, kupanga mstari siku ya mgao. Si jambo la Jumapili tu. Halafu anasema mtu huyo hajui anakokwenda, kwa sababu giza limempofusha macho. Hakusema kwamba hamwoni adui yake. Adui anamwona vizuri sana, mchana na usiku. Asichokiona ni njia yake mwenyewe.

Tunaona jambo kama hilo katika Kutoka 10:21-23. Misri iliingia giza siku tatu. Biblia inatuonyesha alama mbili za giza lile: watu hawakuweza kuonana, na hakuna aliyeinuka kutoka mahali pake. Chuki hufanya vivyo hivyo. Kwanza, humwoni tena ndugu yako. Unaona kabila lake, pua yake, lugha yake. Pili, husogei. Mwili umevuka mpaka, umekaa Nakivale miaka kumi, umelima mahindi na maharage misimu mingi, lakini moyo bado umekaa katika siku ile moja ya vita, mahali palepale, haujainuka.

Lakini someni mpaka mwisho wa mstari wa 23. Mahali walipokaa wana wa Israeli kulikuwa na nuru. Nao walikuwa wageni katika nchi ile, tena watumwa, wala ardhi haikuwa yao. Kwa hiyo usiseme, "Nitapata nuru siku nitakaporudi kwetu," au, "Nitakuwa na amani nikifika Marekani au Kanada." Nuru ya Mungu inaweza kukaa hata katika nyumba ya shitingi.

2. KIKULACHO KI NGUONI MWAKO

Tulikimbia kwa namna nyingi. Mmoja alibeba godoro, mwingine sufuria, mwingine mtoto mgongoni na mwingine mkononi. Wengine hawakubeba kitu. Mpakani askari walipekua mizigo yetu. Lakini kuna furushi ambalo hakuna askari awezaye kulipekua, nalo ndilo zito kuliko yote.

Mnakumbuka mwaka 2018, serikali ya Uganda pamoja na UNHCR walipohakiki wakimbizi wote wa nchi hii. Tulipanga mstari, tukaweka vidole, mashine ikatutazama mboni za macho. Mashine ile ina akili: ikikutazama jicho, inajua wewe ni nani na familia yako ni ya watu wangapi. Lakini haijui unamchukia nani. Yesu anatuambia katika Mathayo 6:22-23 kwamba jicho ndilo taa ya mwili. Jicho likiwa bovu, mwili wote una giza. Jicho hilo ni Mungu peke yake anayelihakiki.

Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Basi kila mmoja ajipekue nguo zake. Sitataja kabila lolote katika ukurasa huu, kwa sababu tunatoka Masisi, Rutshuru, Fizi, Uvira, Ituri, tunatoka Burundi na Rwanda, na kila upande una lake. Nitataja dalili tu:

- Jirani unamjua kabila lake, lakini hujawahi kuuliza jina lake.

- Ukisikia watu wa "upande ule" wamepata msiba, mdomo unasema pole lakini moyo unafurahi kwa siri.

- Ugomvi mdogo wa jerikani kwenye bomba la maji unageuka haraka kuwa vita ya nyumbani.

- Mhubiri mgeni akisimama, unauliza kwanza ni wa upande gani, kabla ya kusikia anahubiri nini.

- Unapokea sauti ya matusi katika simu, na kabla hujachunguza kama ni kweli, umekwisha kuituma kwa watu kumi.

Na sasa nataka kusema juu ya watoto wetu. Makazi haya ya Nakivale yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa ajili ya watu waliokimbia Rwanda. Wengi wamezaliwa hapa. Mtoto aliyezaliwa hapa hajaona Fizi, hajaona Masisi. Anakaa dawati moja na mtoto wa yule unayemwogopa, wanapiga mpira mmoja wa mifuko. Jioni anakuja motoni, anasikia tunayozungumza. Kumfundisha mtoto historia yake ni vizuri, wala hatutakiwi kusahau wafu wetu. Lakini tukimaliza historia kwa kusema, "Wale watu ndivyo walivyo, wote," hapo hatujampa historia tena. Tumempa giza liwe urithi wake. Hatuna shamba la kumrithisha, hatuna ng'ombe wa kumrithisha. Je, tumrithishe giza?

3. ANANIA ALIPOAMBIWA AENDE

Sasa tufungue Matendo 9. Hadithi hii wengi tunaiita ya kuokoka kwa Sauli, lakini leo tumtazame Anania.

Kumbukeni Sauli alikuwa nani. Alikuwepo Stefano alipopigwa mawe. Alikuwa akiingia nyumba kwa nyumba, akiburuta wanaume na wanawake na kuwatia gerezani (Matendo 8:3). Kwa sababu ya mateso hayo kanisa la Yerusalemu lilitawanyika. Kwa neno la leo, walikuwa wakimbizi. Naye Sauli hakutosheka. Alichukua barua kwenda mpaka Dameski, awafunge na waumini wa huko. Njiani nuru kutoka mbinguni ikamwangusha. Akaingia mjini akishikwa mkono, siku tatu haoni, hali, hanywi.

Bwana angeweza kumfungua macho mwenyewe palepale barabarani. Hakufanya hivyo. Alimtuma Anania, mmoja wa wale ambao Sauli alikuja kuwafunga. Tujifunze mambo matatu.

Kwanza, Anania alisema ukweli. Alimwambia Bwana wazi kwamba amesikia mabaya ambayo mtu huyu ameyatenda. Wala Bwana hakumkemea. Kwa hiyo kutembea nuruni si kujifanya kwamba hakuna kilichotokea. Waefeso 5:11-13 inasema nuru ndiyo inayoyafunua mambo. Anayesema kwa kweli aliyoyaona, hata mbele ya mahakama, hajakosa juu ya msamaha. Kusamehe si kuzika ukweli.

Tena, tusichanganye hofu na chuki. Anania aliogopa, lakini Biblia haimwiti mtu wa chuki. Mama anayeshtuka usiku kwa sababu amesikia risasi ndotoni hatendi dhambi. Ana jeraha. Ndugu anayetetemeka akisikia lugha fulani sokoni, tusimwambie, "Huna imani." Tumshike mkono, tuombe naye, tumsindikize kwa washauri na waganga wanaotibu majeraha ya moyo. Jeraha linahitaji dawa na muda. Ninachokisema leo ni kile tunachokifuga kwa hiari yetu, tunakilisha kila jioni, na hatutaki kitoke.

Pili, Bwana alikuwa na habari ambayo Anania hakuwa nayo. Anania alikuwa na habari za Sauli wa jana. Bwana akampa habari za Sauli wa leo: mtu huyo anaomba. Na sisi tunajua habari za jana za watu. Hatujui kama usiku huu, nyuma ya ukuta wa udongo, jirani yetu naye anaomba na kulia.

Tena angalieni tofauti hii. Sauli alikuwa ametenda kweli. Mikono yake mwenyewe iliwaburuta watu. Lakini huyu jirani yako wa kiwanja cha pili, mara nyingi hakutenda neno lolote. Naye alifukuzwa. Naye alizika watu wake njiani, au hakupata nafasi ya kuwazika. Kosa lake ni jina lake na lugha ya mama yake. Ikiwa Anania alitumwa kwa mtu aliyekosa kweli, sisi tutajibu nini tukishindwa kwenda kwa mtu ambaye hajatukosea?

Tatu, Anania alimwita ndugu. Someni mstari wa 17. Alipoingia katika nyumba ile, aliweka mikono juu yake, na neno la kwanza lilikuwa ndugu. Sauli alikuwa hajabatizwa, hajatoa ushuhuda, hajaomba msamaha kwa mtu yeyote. Mikono ile ambayo ilikuwa ifungwe kamba ndiyo iliyowekwa juu ya kichwa cha mfungaji. Na mara vitu kama magamba vikaanguka machoni pake, akaona.

Wapendwa, shikeni jambo hili, hata mkisahau mengine yote. Nuru ya mbinguni ilimwangusha Sauli, lakini macho yake yalifunguliwa kwa mkono wa ndugu. Wengi wetu tunapanda mlimani kuomba, tunakesha, tunamwambia Mungu, "Nipe nuru, nifungulie njia." Huenda Mungu ameshajibu. Ameiweka nuru yako katika mkono wa jirani ambaye humsalimu.

Na Anania pia alipata. Alitoka nyumbani mwake na hofu. Alirudi ana ndugu. Yohana anasema tukitembea nuruni tunashirikiana sisi kwa sisi (1 Yohana 1:7). Nuru hiyo ilifika kwa watu wawili mara moja.

4. NENO KWA ALIYETENDA

Kuna wengine kati yetu ambao hawakutendewa tu, bali walitenda. Labda ulibeba silaha. Labda ulionyesha nyumba ya mtu. Labda ulichukua mali ya aliyekimbia. Sasa umekuja hapa, umebadili mahali, na unaomba katika kanisa letu. Sikufukuzi, na kanisa lisikufukuze. Lakini usifanye kanisa kuwa mahali pa kujificha. Sauli hakuficha. Ukisoma Matendo 22 na 26 utaona anavyoyasema mwenyewe mabaya aliyowatendea watu wa Bwana, hadharani. Yohana 3:20-21 inatuambia nani anayekimbia nuru na nani anayeijia. Njoo kwa mchungaji au kwa mzee unayemwamini. Ungama. Rudisha kinachoweza kurudishwa, kama Zakayo (Luka 19:8). Na pale sheria inapodai jibu, usikimbie jibu. Ahadi ya 1 Yohana 1:9 ni yako pia, lakini ni ahadi ya mtu anayeungama, si ya mtu anayeficha.

5. TUFANYE NINI?

Zaburi 119:105 inalinganisha neno la Mungu na taa ya miguu. Taa za siku zile zilikuwa vyombo vidogo vya udongo vyenye mafuta na utambi. Sisi tunaelewa kuliko watu wa mijini wenye umeme. Kibatari hakikuonyeshi Mbarara. Kinakuonyesha mlango, na hatua moja mbele. Basi leo Mungu hatuagizi tupatanishe Kongo yote. Anatuonyesha hatua iliyo mbele ya mguu.

Salamu. Juma hili, msalimu kwa jina mtu mmoja ambaye hukuwa ukimsalimu. Kama hujui jina, uliza.

Wageni. Tangu vita ilipowaka tena na Bunagana kutekwa mwezi wa Juni 2022, ndugu wengi wamevuka, wakapita kituo cha Nyakabande kule Kisoro, wakaletwa hapa na kupimiwa kiwanja kando yetu. Najua mgao umepunguzwa mara kadhaa tangu mwaka 2020, na mfuko wa unga haufiki mwisho wa mwezi. Lakini jerikani moja ya maji haitatumaliza. Kaa la moto halitatumaliza. Azima panga lako akate nyasi. Na usianze kwa kumuuliza ametoka upande gani.

Motoni, mbele ya watoto. Simulia historia yote, usisimulie nusu. Wengi wetu tuko hai leo kwa sababu mtu wa upande ule alitufungia mlango tukiwa ndani, au alituonyesha njia ya msituni, au aliulizwa tuko wapi akanyamaza. Mbona hiyo hatuisimulii? Nayo ni kweli. Mtoto wako ana haki ya kumjua mtu huyo. Ukiificha habari yake, umefunika taa chini ya kikapu.

Kanisani. Naomba vikundi vya maombi vya nyumbani visiwe vya lugha moja tu pale inapowezekana. Na kwaya zetu zijifunze angalau wimbo mmoja katika lugha ya wengine.

6. GIZA LINAPITA

1 Yohana 2:8 inatupa tumaini. Yohana hasemi giza limekwisha. Anasema linapita, na nuru ya kweli imekwisha kuanza kung'aa. Tuko kwenye alfajiri: bado kuna giza chini ya miti, lakini usiku hauwezi kurudi nyuma.

Hatujui tutarudi lini. Wengine watapelekwa nchi za mbali, wengine watarudi kwao, wengine tutazikwa katika udongo huu mwekundu. Lakini jambo moja nalijua. Kaini alimchukia ndugu yake, akamuua, na tangu siku ile akawa mtu wa kutangatanga (Mwanzo 4:12). Yohana mwenyewe anatukumbusha habari zake katika 3:12. Chuki huzaa kutangatanga. Sisi wengi tumetangatanga kwa sababu ya chuki ya watu wengine. Siku amani ikija na malori yakija kutuchukua, tukipanda na furushi lile lile, basi tutaenda nalo mpaka kijijini, nalo litatukimbiza tena, sisi au watoto wetu. Heri tulitue hapa.

Maswali ya vikundi vya nyumbani

1. Katika zile dalili tano, ni ipi iliyonigusa? Nimwambie nani anayeweza kuniombea?

2. Nani wa upande mwingine aliyenisaidia kuwa hai? Nimewahi kuwasimulia watoto wangu?

3. Anania wangu ni nani? Na mimi nimetumwa kuwa Anania kwa nani?

Tuombe

Ee Bwana Yesu, wewe uliye nuru, tumechoka kubeba giza. Unajua tuliowapoteza na majina yao yote. Waponye wenye majeraha. Walioficha maovu yao uwape ujasiri wa kuja nuruni. Sisi tunaochukia utuondolee magamba machoni, hata kama ni kwa mkono wa yule tusiyempenda. Watoto wetu wasilijue giza hili. Ulete amani katika nchi zetu, na uanzie katika nyumba zetu hapa Nakivale. Amina.

Mungu awabariki. Ni mimi mtumishi wenu, mkimbizi pamoja nanyi katika Kristo,

Mchungaji wenu.